Mlinda Mlango na Haki Yake

Tarehe 26 Julai, 2025, mjini Rabat, wanawake wa Nigeria walikuwa nyuma kwa mabao mawili, wakayarudisha, wakaongeza la tatu, na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kumi. Kama ilivyo desturi, sifa ziliwaendea wafungaji. Sisi leo tunapenda kumzungumzia aliyesimama langoni, Chiamaka Nnadozie, mlinda mlango bora wa mashindano hayo, ambaye katika michezo mitatu ya makundi hakuruhusu hata bao moja.

Binti huyu alizaliwa Desemba 2000. Baba yake hakupenda acheze kandanda. Alitaka ashike masomo. Hadithi hiyo haina ugeni kwa mzazi yeyote wa Unguja au Pemba, wala hatumlaumu mzee yule. Lakini mwaka 2019, akiwa na miaka 18, binti alisimama langoni katika Kombe la Dunia kule Ufaransa, na Korea Kusini ikafungwa 2-0. Hakuna mlinda mlango mwenye umri mdogo kuliko wake aliyekuwa amewahi kumaliza mchezo wa Kombe la Dunia la wanawake bila ya kufungwa.

Siku tano baadaye alikutana na wenyeji. Mkwaju wa penalti wa Wendie Renard uligonga mwamba. Waamuzi wakatazama picha, wakasema mlinda mlango alikwisha uacha mstari kabla ya mpira kupigwa. Penalti ikarudiwa, Ufaransa ikapata bao lake la pekee. Kijana mwingine angevunjika moyo. Huyu, mwaka 2023 huko Melbourne, aliupangua mkwaju wa Christine Sinclair wa Kanada, mfungaji aliyekuwa na mabao mengi kuliko mchezaji yeyote wa kimataifa, mwanamume au mwanamke. Katika michezo minne ya mashindano yale alifungwa mabao mawili tu, na Nigeria ikatolewa na Uingereza kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 0-0.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Mwaka 2019, baada ya kutolewa na Ujerumani, wachezaji hao hao walikataa kutoka hotelini mpaka walipwe fedha zao, nyingine zikiwa deni la miaka ya nyuma. Mwaka 2023, siku moja tu baada ya kutolewa, chama cha wachezaji wa dunia kikatangaza kwamba kinawasaidia kudai posho na marupurupu, mengine ya tangu 2021. Yaani mlango wa uwanjani ulilindwa, na mlango wa ofisini ukaachwa wazi. Haifai mwananchi aliyeitumikia bendera ya nchi yake arudi nyumbani akiwa mdai. Dini yetu inatufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Sijui kwa nini agizo hilo linasahauliwa mfanyakazi anapovaa glavu.

Hapa kwetu wanawake hawakuanza jana. Timu ya Women Fighters iliundwa mwaka 1988, na wako waliocheza wakivumilia maneno ya mitaani ambayo hapana haja ya kuyarudia. Wanaoshikilia suala la mavazi wajue kwamba sheria za mchezo zinamruhusu mlinda mlango kuvaa suruali ndefu, na kitambaa cha kichwa kiliruhusiwa rasmi mwaka 2014. Nouhaila Benzina wa Morocco alikivaa katika Kombe la Dunia la 2023. Basi hoja hiyo imekwisha jibiwa.

Haijajibiwa hoja ya fedha. Glavu huchakaa upesi, na mlinda mlango hajifunzi peke yake. Anahitaji mwalimu wa kumpigia mipira mamia kwa siku, na uwanja usiomchubua kila anapoanguka. Hayo hayapatikani kwa hotuba za siku ya kukabidhi kombe. Tunawaomba ndugu zetu wanaohusika na michezo, Unguja na Pemba, wabandike ukutani kabla ya msimu kuanza: posho ya wachezaji wanawake ni kiasi gani, inatoka fungu lipi, italipwa siku gani, na ni nani atakayetia saini.