Mangi Sina na Bendera Nyekundu



Ndugu msomaji, kijana mmoja wa Moshi amenipelekea swali ambalo nimelikalisha nami kwa siku nyingi kabla ya kulijibu. Asema kwamba katika kitabu chake cha historia amesoma habari za wafalme wa Kikristo wa milima ya Spania, waliokataa kutawaliwa na Waislamu wa Andalusi, wale ambao Wazungu huwaita Wamoori. Wenzake shuleni wakamtania: "Ninyi mlitawala, mkafukuzwa." Akarudi nyumbani na uso wa huzuni. Ilikuwa siku ya Idd, na watu wa ukoo wamekutanika uani. Babu yake akamwambia, "Usisikitike, mjukuu wangu. Sisi nasi tulikuwa na Mangi Sina wa Kibosho. Alipandisha bendera ya Kiislamu akapigana jihadi na Wadachi wa Kikristo." Kijana akafurahi. Lakini mama yake mdogo, ambaye ni Mkristo wa huko huko Kibosho na amekuja kula pilau ya Idd kama ada ya ukoo wao, akacheka akasema, "Sina huyo huyo aliyewapokea mapadri?" Maneno yakawa makali, na pilau ikapoa.

Kijana auliza: nani msema kweli?

Jawabu langu ni kwamba wote wawili wamesema jambo lililotokea, na wote wawili wamelipa maana isiyokuwa yake. Wala si wao wa kwanza kufanya hivyo. Wafalme wale wa Spania nao walifanyiwa vivyo hivyo, basi na tuanze kwao.

Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini, na katika miaka michache sehemu kubwa ya nchi ile ikawa mikononi mwa Waislamu. Kaskazini kabisa, katika milima ya Asturias, alikuwako mkubwa mmoja aitwaye Pelayo, aliyekataa kutii. Baina ya mwaka 718 na 722 walipigana na kikosi cha Waislamu mahali paitwapo Covadonga, penye pango na magenge, na Pelayo akashinda. Hayo hayana shaka kubwa. Lakini tazama yaliyoongezwa juu yake. Mkristo mmoja aliyeandika tarehe ya nchi ile mwaka 754, wakati ambapo wazee walioishi zama za vita wangaliko hai, hakuitaja Covadonga hata kwa neno moja. Kisha, zaidi ya miaka 150 baada ya vita, katika zama za Mfalme Alfonso wa Tatu, ikaandikwa tarehe nyingine inayosema kwamba jeshi la Waislamu lilikuwa watu 187,000, na kwamba mlima wenyewe uliwaangukia. Na upande wa pili, al-Maqqari, mwanachuoni wa Tlemcen aliyefariki mwaka 1632, amekusanya habari za wazee wa Kiarabu zisemazo kwamba Pelayo alibaki na wanaume 30 tu na wanawake wachache, wakiishi kwa asali ya nyuki wa mwambani, na kwamba Waislamu waliwadharau wakaenda zao. Hawa walilivimbisha jeshi walilolishinda, na hawa wakampunguza adui aliyewashinda. Kila mmoja aliandika alilolihitaji.

(Na jina lile la Wamoori lilisafiri mbali. Wareno walipoipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, waliwaita wazee wetu wa pwani kwa jina hilo hilo, ingawa wazee wale hawakupata kuiona Andalusi hata katika ndoto.)

Sasa turudi mlimani kwetu, ambako habari ni za karibu zaidi.

Katika miaka ya 1880 hapakuwa na mfalme mmoja wa Kilimanjaro. Kila mgongo wa nchi baina ya mto na mto ulikuwa na mangi wake, na wawili walikuwa wakubwa kupita wenziwe: Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Sina wa Kibosho. Hao walikuwa mahasimu wa kweli. Waliteka ng'ombe na watu, kila mmoja kutoka kwa mwenziwe, na kila mmoja alitaka misafara ya pwani ipige kambi kwake, maana misafara ndiyo iliyoleta nguo, shanga, bunduki na baruti, ikaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Neno hili la mwisho ni chungu kulitaja katika gazeti la Waislamu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Misafara hiyo ilitoka Pangani na Mombasa, na wakuu wake aghalabu walikuwa Waislamu. Hata mmisionari Rebmann, Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848, aliongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu alitajwa katika vijiji vya Wachagga kwa lugha ya Kiarabu kabla misheni yoyote haijajengwa huko. Lakini wamangi wale hawakusilimu. Sina alikaa na Waswahili, akanunua bunduki zao, akaendelea kutambikia wazee wake na kumwita Mungu kwa jina la Ruwa.

Mei 1885 Seyyid Barghash wa Unguja, alipopata habari kwamba Wadachi wanazunguka bara wakitafuta mikataba, alimpeleka Kilimanjaro jemadari wake. Na jemadari huyo, kijana wangu, alikuwa Lloyd Mathews, Mwingereza na Mkristo, aliyemtumikia Sultani wa Kiislamu kwa uaminifu. Wamangi na wakubwa 25 wa Uchaga na Taveta wakakiri kwamba wao ni raia wa Seyyid, na bendera nyekundu ikapandishwa Moshi. Haikutimia miezi miwili akafika Mdachi, Dakta Jühlke, na Rindi yule yule akatia alama yake katika karatasi ya Wadachi. Mnamo Agosti mwaka ule ule manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya Unguja, na Seyyid Barghash akalazimika kunyamaza. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakapiga mstari juu ya ramani, na Kilimanjaro ikawa ya Kaisari. Hakuna mangi hata mmoja aliyeulizwa.

Rindi aliwaona Wadachi kuwa fimbo ya kumpigia Sina. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake hata Berlin. Sina akaona hesabu hiyo hiyo kwa upande wake: ikiwa Rindi ni mtu wa Wadachi, basi yeye ni mtu wa Seyyid. Bendera nyekundu ikapepea juu ya ngome ya Kibosho, na bendera ya Kaisari akaikataa.

Hapa ndipo nimwombapo babu wa kijana wetu anisikilize kwa subira, maana namheshimu. Februari 1891 alipofika Wissmann na jeshi lake kumwadhibu Sina, ni nani waliokuwa katika jeshi hilo? Maofisa walikuwa Wadachi. Lakini nguvu ya jeshi la Wissmann ilikuwa askari wa Kisudani, walioandikishwa Misri mwaka 1889, Waislamu waliosali na kufunga, pamoja na watu kutoka Msumbiji. Ndio waliotumiwa kumvunja Abushiri bin Salim wa Pangani, Mwislamu mwenzao, aliyenyongwa Desemba 1889. Na pembeni yao, siku ile ya Kibosho, walikuja mashujaa wa Rindi na mikuki yao, Wachagga wa Moshi, waliofuata ng'ombe na kisasi cha miaka mingi. Mbele yao ukuta wa mawe na mahandaki, na ndani yake Wachagga wa Kibosho wasiokuwa Waislamu, wakilinda bendera ya Sultani wa Kiislamu.

Hesabu basi. Waislamu wa Sudani wanaipiga risasi bendera ya Sultani wa Kiislamu, kwa amri ya Mkristo, wakisaidiwa na watu wa mizimu, dhidi ya watu wa mizimu. Hii ndiyo jihadi? Hasha. Wala haikuwa vita ya msalaba.

Na jambo linalonitia simanzi kuliko yote ni kwamba bendera ile siku ile haikuwa na mwenyewe. Barghash alikwisha fariki Machi 1888. Mwaka 1890 Unguja ilitiwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na pwani ya Tanganyika ikauzwa kwa Wadachi kwa marki 4,000,000. Hapakuwa na meli wala askari wala barua ya Sultani ambayo ingeweza kufika Kibosho. Sijui kama Sina aliambiwa hayo na watu wa misafara, au alisikia asisadiki. Watu wa Kibosho walipigana kwa ushupavu ambao hata adui zao waliukiri, ngome ikaingiwa, wengi wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa, na Sina akaomba amani. Bendera ya Kaisari ikapandishwa.

Baada ya hapo mama mdogo naye ana haki ya kusikilizwa. Ni kweli, mwaka 1893 mapadri wa Kikatoliki walianza misheni Kibosho, na Sina angali mangi. Lakini kumpokea padri si kubatizwa. Mangi aliyeshindwa alihitaji Mzungu asiyekuwa na bunduki, wa kusimama baina yake na Wazungu wenye bunduki, kama alivyohitaji zamani mfanyabiashara wa Pangani. Sina alifariki mwaka 1897. Si sisi wenye haki ya kumzika katika makaburi ya Waislamu, wala si wao wenye haki ya kumwandika katika daftari la ubatizo.

Nimesema haya yalitokea Spania pia, na ahadi ni deni. Katika karne ya 10, wakati khalifa wa Cordoba alikuwa Abdurrahman wa Tatu, mfalme Mkristo wa León aitwaye Sancho aliondolewa katika kiti na wakubwa wake mwenyewe. Alikuwa mnene mno, hata farasi hakuweza kumpanda, na watu wakamcheka. Alikwenda wapi? Alikwenda Cordoba, kwa Wamoori! Akafuatana na bibi yake, Malkia Toda wa Navarre. Tabibu wa khalifa, Myahudi Hasdai bin Shaprut, akamtibu unene wake, na jeshi la Waislamu likamrudisha katika kiti chake. Na Toda hakuwa mgeni kwa khalifa. Mama yake Toda ndiye aliyekuwa pia bibi mzaa baba wa Abdurrahman, maana kabla ya hapo aliishi Cordoba katika nyumba ya Amiri Abdullah akamzalia mtoto. Basi malkia huyu wa Kikristo alikuwa shangazi wa khalifa, kama vile kijana wetu ana mama mdogo wa Kibosho. Vita baina yao vilikuwako, na vilikuwa vikali, wala sitaki kumdanganya mtu kwamba havikuwako. Ila watu wale hawakuamka kila asubuhi wakiulizana dini kabla ya kuulizana mipaka, kodi na warithi.

Huenda babu akasema, "Sasa umetunyang'anya shujaa wetu." Sivyo. Ushujaa wa Sina uko pale pale. Ila tumeamrishwa kutoa ushahidi wa kweli hata ukiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na sioni kwamba amri hiyo imewaacha nje wanaosimulia historia uani siku ya Idd. Wala Uislamu wa Kilimanjaro hauhitaji kusimamishwa juu ya ngome iliyovunjwa. Uliletwa na wachukuzi wa mizigo, na wafanyabiashara, na walimu wa vyuo walioketi juu ya mkeka na watoto watano au sita, na wanawake walioolewa na wageni wakalea wana wao katika dini. Majina yao hayamo vitabuni. Kama kijana ana kalamu na daftari, na aanze kwa babu yake mwenyewe: nani wa kwanza kusilimu katika ukoo, alisomeshwa na nani, na alitokea wapi mwalimu huyo. Akimaliza hapo, aende kwa mama yake mdogo amwulize mambo hayo hayo kwa upande wake. Nitafurahi kuyachapisha katika safu hii.

Limebaki jambo moja, ambalo katika ugomvi wa siku ya Idd hakuna aliyelitaja. Rindi naye alifariki mwaka 1891, baada ya ngome ya hasimu wake kuvunjwa. Mwanawe Meli hakuirithi hesabu ya baba yake. Juni 1892 alipigana na Wadachi wale wale walioitwa rafiki, akawashinda, na mkuu wao von Bülow akafa kwa majeraha. Agosti 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Huko Kibosho kiti cha Sina kikakaliwa na mwanawe, Molelia. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wadachi waliwanyonga watu 19 kwa shutuma ya kula njama. Miongoni mwao alikuwamo Ngalami wa Siha, na Meli mwana wa Rindi, na Molelia mwana wa Sina, siku moja na mahali pamoja.