Mastaa wauze kilicho kichwani, siyo jezi

INAANZA na picha kwenye simu. Staa wa zamani amelazwa, au kodi ya nyumba imemshinda, na ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ukiwa na namba ya kutuma mchango. Mashabiki wanatuma. Huyu elfu mbili, yule elfu kumi. Wiki mbili baadaye kimya, mpaka ije picha ya staa mwingine.

Kuchangia siyo vibaya. Ni utu, na Watanzania kwa hilo hawajambo. Ila kuna swali ambalo soka la Bongo linalikwepa kila mara: mtu aliyecheza Ligi Kuu miaka 12, akakaba mawinga wa kila aina, akapita mikononi mwa makocha wa nje na wa ndani, anawezaje kutundika daluga akawa hana kitu cha kuuza zaidi ya jezi zake za zamani?

Ukweli ni kwamba anacho. Tatizo ni kwamba kipo kichwani, hakijapangwa, hakijafungashwa na hakina bei.

Watu wa mpira wanachanganya vitu viwili, stori na ujuzi. Stori zipo nyingi. Mwaka 1979 Peter Tino aliifungia Taifa Stars kule Ndola, sare ya bao 1-1 na Zambia ikaipeleka Stars kwenye Afcon ya 1980 Nigeria. Mwaka 2003 Simba, Juma Kaseja akiwa langoni, iliing'oa Zamalek kwa penalti palepale Cairo, wakati Waarabu hao ndio walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Stori hizi zinasimuliwa vijiweni mpaka leo. Msimuliaji akikohoa, msikilizaji anamalizia.

Asichokijua msikilizaji ni kile kilichokuwa kichwani. Straika alisimama wapi sekunde tatu kabla mpira haujafika? Kipa anamwangalia mpigaji penalti machoni, kwenye nyonga au kwenye mguu wa kusimamia? Anaamua kuruka saa ngapi? Huo ndio ujuzi. Stori ya bao ni ya taifa zima, haina bei. Namna ya kulifunga lile bao ni mali ya mfungaji, na ina mnunuzi.

Wenzetu walishtuka zamani. Mdachi Wiel Coerver aliipa Feyenoord ubingwa wa Uholanzi na Kombe la Uefa msimu wa 1973/74, fainali akiitandika Tottenham. Jina tu lingetosha kumlisha. Yeye akakaa na picha za video za mafundi wakubwa wa mpira, akazivunja chenga zao vipande vipande, kisha akatengeneza mazoezi ambayo mtoto wa kawaida anaweza kuyafuata hatua kwa hatua. Wengi waliamini chenga mtu anazaliwa nazo. Coerver akasema hapana, zinafundishika, na akaonyesha zinafundishwaje.

Mwaka 1984 Alfred Galustian na Charlie Cooke, winga wa zamani wa Chelsea, wakaichukua njia ile na kuifanya biashara: Coerver Coaching. Mzee mwenyewe alifariki 2011, lakini mpaka leo kuna kozi za makocha, video na shule za watoto katika nchi nyingi zinazobeba jina lake. Mzazi anayelipia hajali Feyenoord ilimfunga nani mwaka 1974. Analipia mpangilio ambao mwanawe akiufuata atajua kumpita beki.

Mfano mwingine unachekesha kidogo. Thomas Grønnemark wa Denmark hakuwa staa wa soka hata kidogo. Alitokea kwenye riadha, na aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya kurusha mpira mbali. Akakaa na hicho kitu kimoja, mpira wa kurusha, kile ambacho mabeki wengi wanakifanya ilimradi mchezo uendelee. Akachambua nani asogee wapi, mpira uende wapi, timu isiupoteze vipi. Mwaka 2018 Liverpool ya Jurgen Klopp ikamchukua. Watu wakacheka, kocha wa kurusha mpira! Msimu huohuo Liverpool ikabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya, uliofuata ikabeba Ligi Kuu England. Siyo kwa sababu ya kurusha tu, hakuna anayesema hivyo. Lakini jamaa alipata kazi kwenye moja ya timu kubwa duniani kwa kujua jambo moja dogo kuliko mtu yeyote.

Hapo ndipo mastaa wengi wa Bongo wanapokosea. Akistaafu anataka kufungua akademi. Akademi inataka uwanja, mipira, koni, usafiri, chakula na walimu, na mwaka wa pili inakufa kwa sababu wazazi hawalipi na mfadhili hapokei simu. Kumbe angeanza na kitu kimoja tu.

Chukua mfano wa beki wa kulia aliyecheza miaka kumi. Asiseme anafundisha mpira, hilo kila mtu analisema. Aseme anafundisha kumkaba winga mwenye kasi kuliko wewe. Hapo ana somo. Asimame umbali gani. Mwili aufungue upande upi ili winga alazimike kwenda pembeni. Lini aingie na lini asubiri. Afanye nini akishapitwa, maana kupitwa kupo tu. Hayo ni masomo kumi mafupi ya video, dakika tano tano, na kijitabu cha kurasa 30 chenye michoro. Akiuza Sh5,000 kwa watu 400 ni Sh2 milioni. Siyo utajiri, lakini ni kodi ya nyumba bila picha yake kuzungushwa kwenye magrupu.

Mnunuzi ni nani? Siyo shabiki wa kijiweni, huyo anataka stori. Mnunuzi ni mwalimu wa Jiografia aliyepewa timu ya shule ya UMISSETA na hajawahi kukaba mtu maishani. Ni kocha wa timu ya mtaa anayeokoteza mazoezi YouTube kwa Kiingereza asichokielewa vizuri. Ni mzazi wa mtoto wa miaka 13 anayesugua benchi. Hawa wapo Mbeya, wapo Mombasa, wapo Bujumbura na Lubumbashi, na wote wanakisikia Kiswahili. Na Afcon ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Hamu ya mpira itapanda, watoto watajaa viwanjani. Ni nani atakuwa na kitu mkononi cha kuwauzia walimu wao?

Kuna wanaobisha, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza wanasema siyo kila aliyejua kucheza anajua kueleza. Kweli kabisa. Kuna mafundi ukiwauliza walifanyaje wanajibu "mpira ulikuja, nikapiga". Dawa ni mtu wa kuwahoji. Staa akae na mwalimu mwenye kalamu na kijana mwenye simu nzuri. Mwalimu amuulize swali lilelile mara tano mpaka jibu liwe hatua za kufuata. Halafu wapewe watoto watatu wasiojua kitu. Watoto wakishindwa kufuata, somo halijaiva, wanarudi mezani. Hata jina la Coerver halikujisambaza lenyewe, kulikuwa na Galustian na Cooke.

Wa pili wanasema Mbongo hanunui kitu kinachoweza kutumwa bure. Video ikiuzwa kwa mtu mmoja asubuhi, jioni ipo kwenye magrupu mia. Hii ni kweli na inauma. Kusajili kazi COSOTA kunasaidia, maana ni ushahidi kwamba kazi ni yako. Lakini sheria haimfukuzi kila mwenye simu. Mwenye akili anauza kile ambacho hakitumiki kwa mtu mwingine, yaani masahihisho. Video ya somo ikisambaa, iwe tangazo. Pesa iwe pale kijana anapojirekodi akikaba, anamtumia staa, na staa anamjibu: "Umesimama karibu mno, rudi hatua mbili, angalia mpira siyo miguu yake." Jibu hilo ni la kijana huyo peke yake. Haliibiki.

Wa tatu wanasema jina lenyewe litauza. Hapa panahitaji ukweli mchungu. Jina linauza mara moja. Mtu atanunua somo la kwanza kwa sababu ya jina, akikuta ni porojo za enzi zile tulivyomfunga fulani, hanunui la pili na anawaambia wenzake. Wako wachezaji ambao hawakuwahi kuvaa jezi ya Simba wala Yanga, walikipiga timu za mikoani kwenye viwanja vibovu, na wana ujuzi wa kumiliki mpira unaodunda ovyo kuliko staa yeyote. Soko hili linaweza kuwalipa hao kuliko wenye majina.

Kitu kigumu zaidi ni muda. Kusubiri mpaka ustaafu ni kuchelewa. Mchezaji wa leo ana video za mechi zake, ana daktari wa timu, ana mchambuzi wa mechi anayempa namba zake. Daftari moja tu lingetosha, kila baada ya mechi aandike mistari mitano: nimefanya nini, kimekubali au kimekataa, na kwa nini. Baada ya misimu minane ana kitabu. Klabu nazo hazipotezi chochote zikimruhusu kutumia vipande vyake vya video akiondoka. Ni zawadi ya bei rahisi kuliko ngao ya mbao na shada la maua.

Mashabiki nao wana sehemu yao. Shabiki huyuhuyu anayetuma elfu kumi staa akiwa kitandani, ndiye anayeuliza "hakuna ya bure?" staa akiuza kijitabu cha elfu tano akiwa mzima. Elfu tano ile ingemfikia mapema, akiwa amesimama uwanjani na filimbi mdomoni, kijana anamsikiliza. Mchango wa hospitali unafika wakati yale aliyoyajua hayana tena wa kuyafundisha.