JIKONI KWETU: Mkoba wa Aendaye Porini



Juma lililopita tulizungumza habari za uji wa watoto. Leo nataka tuutazame mkoba wa chakula tunaowafungia waume na vijana wetu waendapo porini siku mbili tatu: kutafuta ng'ombe waliopotea, kurina asali, au kufanya kazi ya kambi.

Wazee wetu wa Ikoma walikuwa wawindaji hodari. Mzee alipoondoka nyumbani alichukua upinde, mishale, unga kidogo na chumvi, basi. Mboga hakubeba, maana mboga ilikuwa huko huko ikitembea kwa miguu minne. Kila mwaka, kati ya mwezi wa tano na wa saba, nyumbu walipita upande wetu, na hata leo wanapita. Mzee alirudi na nyama iliyokaushwa, na watu wa nyumbani wakashiba.

Lakini siku hizo zimepita. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti zikawa mapori ya akiba. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa, na mahali pengine mtu hawezi kuwinda pasipo leseni. Hayo twayajua sote. Ajabu ni kwamba mkoba wetu haukubadilika. Mpaka leo wengi wetu twamfungia kijana unga na chumvi tu, kana kwamba mboga ingali ikimngoja huko!

Nawajua vijana watatu waliotoka hivyo kutafuta ng'ombe. Siku ya pili unga ukabaki bila kitoweo, na njaa ikawashika. Wakamkuta swala amekufa katika kitanzi ambacho wao hawakukitega. Wakachuna, wakachoma, na kilichobaki wakafunga mkobani. Askari wakawakuta nacho. Sheria haikuuliza nani alitega. Iliuliza nani ana nyama. Mama wa mmoja wao aliniambia, "Mwanangu hakuwa mwindaji. Alikuwa na njaa tu." Sikuwa na la kumjibu.

Mnakumbuka habari za Esau katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25. Naye alikuwa mwindaji. Alitoka nyikani akiwa hoi kwa njaa, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu. Mtu mwenye njaa hapimi sawasawa. Basi na tuwapimie sisi, kabla hawajaondoka.

Haya ndiyo ya kumfungia mtu mzima mmoja kwa siku tatu.

UNGA. Kilo moja u nusu yatosha kwa ugali mara mbili kwa siku. Mtama, ulezi au mahindi, wowote wafaa. Ukichanganya na muhogo, hakikisha muhogo huo ulilowekwa vizuri na kukaushwa kabisa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka. Njaa iliwaharakisha nao pia.

DAGAA WA KUTWANGA. Hiki ndicho kitoweo cha safari kuliko vyote. Chukua vikombe viwili vya dagaa wakavu wa ziwani. Ondoa vichwa, osha mpaka mchanga uishe, anika tena wakauke. Kisha wakaange bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka wavunjike ukiwabonyeza. Kaanga pia kikombe kimoja cha karanga, uzichambue maganda. Karanga yenye ukungu au iliyokunjamana itupe. Usiseme ni hasara, maana ukungu una sumu isiyotoka kwa kupika. Twanga vyote pamoja na chumvi, utie katika chombo kikavu chenye kifuniko. Kambini mtu achemshe maji kikombe kimoja na kitunguu, atie vijiko vitatu vya unga huo, akoroge. Kwa muda wa robo saa ana mchuzi mzito.

MATOBOLWA. Hili tuwaige jirani zetu Wasukuma. Chemsha viazi vitamu na maganda yake, menya, kata vipande vyenye unene wa kidole kidogo, uanike juani juu ya mkeka safi. Jioni viingize ndani visipate umande. Siku tatu au nne vitakuwa vigumu kama mbao. Mtu huvitafuna akitembea, au huviloweka kidogo katika maji. Havihitaji moto, navyo ni msaada mkubwa mvua ikinyesha na kuni zikilowa.

UJI. Kaanga unga wa ulezi kidogo nyumbani, ili porini uive upesi. Changanya na sukari, ufunge vikombe viwili peke yake. Anywe asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

MAJI. Lita tatu kwa siku ni za kunywa tu, kwa hiyo dumu la lita kumi si kubwa. Yakiisha, maji ya mto yachemshwe mpaka yatokote sana. Maji meupe si lazima yawe salama.

Mtauliza, je, nyama kavu ya ng'ombe? Nyumbani ikausheni, ni akiba njema. Lakini kwa safari ya kandokando ya hifadhi, mimi siifungi. Nyama ikishakauka haina jina. Wewe wajua ni ya ng'ombe wako, lakini askari ataijuaje kwa macho? Dagaa hawana shaka. Hakuna aliyewahi kuwatega dagaa Serengeti!

Mwisho, mwambieni kijana mambo matatu. Asilale na chakula hemani au kichwani pake, maana fisi hunusa kutoka mbali. Asitupe mabaki karibu na kambi. Na kabla ya kuondoka azime moto kwa maji, si kwa kuufukia tu, kwa sababu upepo wa kiangazi hufukua.

Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa siri, msione haya. Dagaa hutwangwa na mikono ya kiume pia. Kijana aliyejifunza kufunga mkoba wake mwenyewe hatamngoja mama yake aamke alfajiri.

Mkoba huu ni mzito kuliko ule wa babu, kweli. Lakini babu alikwenda na mkoba mwepesi kwa kuwa alitumaini kurudi na mzito. Mwana wetu na aende na mzito arudi na mwepesi. Lililo kubwa ni arudi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema habari za kuhifadhi kunde zisiingiwe na wadudu. Kaeni kwa amani.