Muuguzi mupya asiachwe peke yake usiku

Saa nane ya usiku, katika hospitali nyingi za muji wa Lubumbashi, binti aliyemaliza masomo miezi mitatu iliyopita anaweza kuwa ndiye mukubwa wa chumba chote. Serumu ya mugonjwa mumoja inaisha, mutoto wa mwingine anatetemeka kwa homa, umeme unakatika. Muganga wa zamu yuko kwenye jengo lingine, anapasua. Wagonjwa wanamwita yule binti «docta», sababu Lubumbashi kila mwenye kuvaa nguo nyeupe ni docta. Anaitika. Lakini hajui kama dawa ya kinini ya yule mutoto ni kipimo gani, na hakuna mutu wa kuuliza.

Kila mwaka shule za ITM zinatoa wauguzi wa A2, na ISTM ya Lubumbashi inatoa wa A1. Walisoma, walifanya staji. Lakini wakati wa staji kulikuwa musimamizi nyuma yao. Siku ya kwanza ya kazi, musimamizi hayuko tena. Mwaka wa 1974, kule Marekani, muuguzi na mwalimu Marlene Kramer alitoa kitabu kizima juu ya mushituko huo, wakati muuguzi mupya anaona kama kazi ya kweli haifanane na ile aliyofundishwa, na namna mushituko huo unafanya wengi waache kazi. Na Kramer alizungumuzia inchi ambamo muuguzi mupya anapokea mushahara.

Hapa, muuguzi anayeanza katika hospitali ya serikali anaitwa «nouvelle unité», watu wanasema tu NU. Maana yake yuko kazini, jina lake liko kwenye karatasi ya zamu, lakini hana namba ya matrikule kutoka Kinshasa. Bila matrikule, hakuna mushahara wa serikali. Prime ya hatari nayo inaweza kumupita. Wengine wanangojea miaka. Wanaishi na kile hospitali inagawanya kisha kulipisha wagonjwa, na katika mugawanyo huo mupya ndiye wa mwisho.

Ni hapo ndipo jambo hili linagusa familia zilizokimbia. Mama aliyetoka Mitwaba ao Pweto, ao aliyekimbia vita ya Kivu, anafika na mutoto mwenye kuharisha. Hana feza ya fishi, hana feza ya glovu. Mbele yake kuna muuguzi ambaye hajakula tangu jana, aliyekuja kwa miguu kutoka Katuba ao Ruashi, na ambaye sehemu yake ya mwisho wa mwezi inapaswa kutoka ndani ya mufuko wa mama huyo huyo. Wote wawili hawana kitu. Kisha watu wanashangaa wakigombana! Muuguzi anatoa maneno makali. Mama anarudia kuambia majirani kama wauguzi wa siku hizi hawana huruma, na mara ingine ataanza kwanza kwenye duka la dawa la pembeni ya barabara. Kama ni kolera, masaa machache ya kuchelewa yanaweza kuua mutoto.

Kusema ukweli, wako wauguzi wa zamani, wenye matrikule na mushahara, ambao bado wanaomba matabishi mbele ya kugusa mugonjwa. Hao hakuna sababu ya kuwatetea. Lakini mupya hakujifunza hivyo shuleni. Anajifunza kwa kuangalia wakubwa wake wa kazi, na mwaka wa kwanza ndio anaangalia zaidi. Wakati huo anajua pia kama kuuliza ni haya ao si haya. Akiuliza kipimo cha dawa na mukubwa amujibu mbele ya wagonjwa, «Wewe ulisomea wapi?», mara ya pili hatauliza tena. Atakisia.

Inchi zingine ziliona jambo hili. Afrika ya Kusini, tangu mwaka wa 2008, muuguzi anayemaliza masomo anatumika mwaka mumoja wa huduma kwa raia, na analipwa. Kongo ina sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyounda Ordre ya wauguzi. Ni vizuri. Lakini kuandikwa kwenye orodha ya Ordre ni jambo moja, kusindikizwa kazini ni lingine.

Wakubwa wa hospitali watasema feza haiko. Juu ya mushahara, wana haki: hiyo ni kazi ya Kinshasa, na Kinshasa inapaswa kuulizwa kila siku. Lakini kumupa kila mupya dada ao kaka mumoja wa kazi, mwenye jina lililoandikwa kwenye karatasi ya zamu, hakungojee Kinshasa. Watasema tena watu ni wachache, usiku hawawezi kuweka wawili. Basi waangalie ile karatasi: mara mingi wapya ndio wanajazwa kwenye usiku, sababu hawana nguvu ya kukataa, na wazee wanabakia muchana. Kuwachanganya hakuombe hata franga moja. Na katika feza ile ya kugawanya, kamati inaweza kutosha kwanza transporti ya mupya aliyelala kazini, mbele ya kuhesabu sehemu za wakubwa.

Wakaaji nao wana mulango. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, kamati ambamo raia wanakaa pamoja na mukubwa wa kituo. Familia zilizokimbia mara mingi hazina mutu wao ndani. Waombe nafasi. Na kwenye mukutano wa kwanza waulize mambo mawili: nani ni mupya hapa, na nani analala naye zamu?