Je, Shule Zifunguliwe Likizoni Baada ya Kufungwa kwa Maradhi?

Naushukuru uongozi wa Chama cha Kiswahili kwa kunipa nafasi katika jarida letu la mwaka huu. Sitakuchosha kwa maneno mengi. Nina jambo moja tu linalonikera moyoni, na nimeona heri nilitoe kuliko kulala nalo.

Bila shaka unakumbuka ule mjadala wetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa hii: shule zikifungwa kwa sababu ya maradhi, basi zifunguliwe wakati wa likizo ili kufidia wakati uliopotea. Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na tuliwashinda wenzetu vibaya sana. Kidato cha pili waligonga madawati mpaka mwalimu mlezi wa chama akawanyamazisha. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama jogoo. Leo nimeshika kalamu kukiri kwamba nilishinda lakini sikuwa na haki yote. Nusu ya yale niliyosema bado nayashikilia. Nusu nyingine nimeitupa, na nitaeleza sababu.

Kwanza hebu tukumbushane. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Kenya. Siku mbili baadaye, Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zifungwe. Nilikuwa darasa la sita. Ukweli usemwe, tulifurahi! Tulidhani ni mapumziko ya juma moja au mawili, halafu mambo yarudi yalivyokuwa. Kumbe wapi. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Sisi wengine tulikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Chukua kalenda uhesabu, utapata majuma 42.

Masomo yalipeperushwa kwa redio na televisheni, na waliokuwa na simu nzuri walisoma kwa simu. Kwetu redio ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa za baba kusikilizia habari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto wa mjini alikuwa akisoma kwa kompyuta huku mimi nikijifunza kupiga debe shambani kufukuza ndege.

Tuliporudi, Wizara ya Elimu ilileta kalenda ya kukimbizana. Mwaka wa masomo ambao kwa kawaida ni majuma 39 ukapunguzwa ukawa majuma 30. Likizo zikakatwa, nyingine ikawa juma moja tu, yaani unafua sare, inakauka, unarudi shuleni. Mtihani wa KCPE ulifanywa Machi 2021, ukafanywa tena Machi 2022, kisha ukafanywa Novemba 2022, huo wa tatu nikiwa mimi mmoja wa watahiniwa. Mitihani mitatu kwa miezi ishirini! Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023, mwaka tulioingia kidato cha kwanza. Kwa hivyo, msomaji, swali la mjadala wetu halikuwa la kubuni. Nchi yetu ililijibu zamani. Ilisema ndiyo, likizo zichukuliwe, na za kila mtu.

Sasa nije kwa yale niliyoyasema siku ile ambayo bado nayaamini.

La kwanza, haraka haraka haina baraka. Katika ile miaka miwili walimu walikuwa wakikimbia ili wamalize silabasi. Siwalaumu, maana kalenda hawakuitunga wao. Lakini kumaliza silabasi ni jambo moja na mwanafunzi kuelewa ni jambo lingine. Ukimwaga maji kwa kasi juu ya mtungi wenye mdomo mwembamba, mengi yataishia chini.

La pili, mwanadamu si mashine. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2021 tulisikia habari za mabweni kuchomwa katika shule nyingi, mpaka wizara ikatoa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula mwezi wa Novemba. Sitetei hata kidogo wanaochoma shule. Ule ni uhalifu, na mali inayoungua ni ya wazazi wetu wenyewe. Lakini wengi walisema wakati ule kwamba wanafunzi na walimu walikuwa wamechoka, na mimi nakubaliana nao.

La tatu, kwetu Mwea likizo si wakati wa kulala. Mpunga hupandikizwa kuanzia kama mwezi wa Agosti. Mwezi wa Oktoba na Novemba ukianza kutoa punje, wanakuja ndege wale wa kweleakwelea, kundi kama wingu, na wakikaa shambani asubuhi moja tu, familia imepata hasara. Ndipo vijana huajiriwa kuwafukuza kutoka alfajiri hadi jioni. Kisha ni mavuno. Pesa hizo ndizo hununua viatu na daftari za Januari. Lakini mwaka wa 2021 muhula ulianza tarehe 11 Oktoba ukaenda mpaka tarehe 23 Desemba. Msimu wote wa ndege na mavuno ukawa ndani ya muhula. Aliyepanga kalenda ile sidhani kama alifikiria mpunga.

Hayo ndiyo yaliyonipatia makofi. Sasa sikiliza yaliyonikuta baadaye.

Katika likizo ya Agosti mama alinituma Wang'uru kwenye kinu cha mchele. Nikiwa kwenye foleni nilimwona kijana amebeba gunia begani, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi la pumba. Akalitua, akanitazama, akacheka. Alikuwa mwenzangu wa dawati wa shule ya msingi! Sitamtaja jina kwa sababu sikumwomba ruhusa.

Kijana huyu, wasomaji, alikuwa akinishinda hesabu tangu darasa la tatu. Hata nilikuwa nikichungulia daftari lake, Mungu anisamehe. Shule zilipofungwa tulifukuza ndege mashamba jirani, shilingi 300 kwa siku, na wakati ndege wamepumzika alikuwa ananiuliza hesabu za kichwa kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya mfereji. Lakini mimi nilifukuza ndege msimu mmoja tu. Yeye alikuwa mtoto wa kwanza, na mama yake alikuwa amepoteza kibarua chake mjini. Aliendelea na kazi hata baada ya shule kufunguliwa, leo shambani, kesho darasani. Kila aliporudi alikuta tumefika mbali. Siku moja aliuliza swali kuhusu desimali akaambiwa kwamba hilo lilikwisha, tunaendelea mbele, aliyebaki ajipange. Kabla ya Krismasi ya 2021 hakuja tena. Hakufukuzwa na mtu. Aliacha tu kuja, na sisi tulikuwa na haraka mno hata kuuliza.

Pale kinuni aliniuliza habari za shule. Nami kwa kujigamba nikamweleza jinsi nilivyoshinda mjadala wa likizo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ulikuwa na likizo ya kutetea. Mimi ningekuja hata likizo. Nilikuwa nataka mtu aketi na mimi wiki mbili tu, anionyeshe yale niliyokosa. Basi."

Akaliinua gunia akaenda. Nilibaki nimeduwaa kama mtu aliyemwagiwa maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, je, sote katika ule mjadala hatukukosea swali? Waliounga mkono walisema tumepoteza majuma, turudishiwe majuma. Sisi wapinzani tukasema likizo ni zetu, tuachiwe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amepotea. Ile kalenda ya kukimbizana ilirudisha wakati, hilo siwezi kukataa, kwa maana Januari 2023 tulikuwa tumefika tulipotakiwa kuwa. Lakini ilifika bila mwenzangu wa dawati. Na mtihani wa KCPE aliokuwa akiuendea ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, kwa hivyo hata akitaka kurudi leo njia si ile ile aliyoiacha.

Basi msimamo wangu wa leo ni huu. Shule zikifungwa muda mrefu, milango ifunguliwe likizoni, lakini si kwa kila mtu na si kwa lazima. Ifunguliwe kwa ajili ya aliyebaki nyuma. Mwalimu achukue rejista, aone ni nani hakurudi na ni nani amerudi nusu nusu, kisha hao waitwe kwa upole wafundishwe yale waliyokosa, polepole, wakiwa kumi au ishirini, si sitini. Na iwe asubuhi peke yake ili alasiri mtoto amsaidie mzazi. Wakati wake pia uchaguliwe kwa akili. Hapa kwetu Aprili inafaa kuliko Novemba. Kwa wavuvi au wafugaji wataona wenyewe unaofaa.

Najua kuna watakaonipinga. Mmoja atasema, "Kwani husomi sheria? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada ya likizoni." Ni kweli, na mimi naiunga mkono. Ilikuwa desturi mbaya ya wazazi kutozwa pesa kila likizo, na asiyelipa mtoto wake anafika Januari akikuta mada zimekwisha. Ndiyo sababu nasema masomo haya yawe bure kabisa, yatolewe tu baada ya janga lililofunga shule, kwa idhini ya wizara, na pasifundishwe mada mpya hata moja. Ikitozwa hata shilingi kumi, nitarudi upande wangu wa zamani.

Mwingine atauliza walimu wapumzike lini. Swali zuri. Mgala muue na haki yake mpe. Walimu wetu walifanya kazi ile miaka miwili karibu bila kupumua. Lakini nchi hii ina walimu wengi waliofuzu ambao hawajaajiriwa. Wapewe hiyo kazi na walipwe na serikali, kwa maana serikali ndiyo iliyofunga shule, hata kama ilikuwa na sababu njema. Jambo hili si ndoto. Uingereza mwaka wa 2021 serikali ilitenga paundi milioni 200 kwa masomo ya likizo ya kiangazi, hasa kwa wale waliokuwa wakiingia sekondari, na hayakuwa ya lazima. Hatuna pesa kama zao, lakini madarasa matupu likizoni tunayo.

Wa tatu atasema korona ilikwisha, mbona tunafukua kaburi? Ndugu yangu, majirani zetu wa Uganda shule zao zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hapo hapo, Tanzania walirudi wote tarehe 29 Juni 2020. Hakuna ajuaye janga lijalo litatufungia muda gani. Na si lazima liwe maradhi. Mwaka wa 2024 mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili kutoka tarehe 29 Aprili hadi 13 Mei. Majuma mawili yale tuliyapita kimya kimya. Je, kuna aliyehesabu ni wangapi hawakurudi? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa walimu wetu, kwa heshima kubwa, naomba jambo moja dogo lisilohitaji barua ya wizara. Shule yoyote ikifungwa kisha ikafunguliwa, siku ya kwanza msianze na mada. Anzeni na majina. Jina lisiloitikiwa, atumwe mtu akaulize nyumbani. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaishi huku huku vijijini, tunajuana. Tutumeni sisi.

Na kwenu wanafunzi wenzangu, mliogonga madawati siku ile, asanteni, lakini makofi yale nayarudisha. Likizo ya Desemba nitakuwa nyumbani. Nimemwambia mwenzangu wa dawati kwamba Jumamosi jioni, kinu kikifungwa, nitakuwa naenda kwao na vitabu vyangu vya zamani vya hesabu. Aliniuliza kama nitatoza pesa. Nikamwambia nina deni lake la kuchungulia daftari tangu darasa la tatu.

Tutaanza na desimali.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu