SAA NNE YA WAPI?

Wiki mbili nafasi hii imekuwa tupu, na wazushi tayari wameshaanza, eti nimepata jiko. Jiko gani bwana! Nilikuwa Kyela, na toka Kyela nikavuka Mto Songwe kwenda Karonga, Malawi, kumzika shangazi. Yaliyonikuta huko si ya kuficha, maana najua humu mna wenzangu wanaosafiri na vidonge mfukoni na wanaona soo kusema.

Kabla sijafika mbali niwape siri. Figo ninayotembelea si niliyozaliwa nayo. Ni ya dada yangu anayenifuata kwa juu. Zangu zote mbili ziligoma. Zamani mtu wa hali yangu alikuwa na mambo mawili, India au kaburi. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata Machi 2018. Mimi nimo kwenye kundi hilo la waliofanyiwa hapa hapa nyumbani, hata pasipoti haikuhitajika.

Sasa mwili wa binadamu hauna shukrani. Unapewa figo nzima ya dada, wenyewe unaona kavamiwa! Askari wake wanaanza kuishambulia usiku na mchana. Yule Mmarekani Richard Herrick aliyepandikizwa figo Boston mwaka 1954, mtu wa kwanza ikamkubali sawasawa, alipewa na pacha wake wa kufanana, Ronald. Mwili haukujua tofauti. Jamaa akaishi miaka minane mingine, akaoa na kuzaa. Sisi tusio na pacha tunameza dawa ya kuwapumbaza hao askari. Yangu inaitwa takrolimasi, na chanzo chake ni kijidudu kilichopatikana mwaka 1984 kwenye udongo wa Tsukuba, Japani. Udongo tu, ule ule wa kukanyaga!

Dawa hii haitaki mchezo. Ikipungua kwenye damu, askari wanaamka. Ikizidi, yenyewe ndiyo inaitafuna figo. Kwa hiyo nameza kila baada ya saa kumi na mbili, saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku zote za maisha yangu. Mtaani wananiita Mjerumani kwa kutazama saa.

Basi bwana, Jumamosi nikaamkia kwa dada Kyela mjini. Nikameza dozi ya asubuhi, nikapiga hesabu za kitoto. Mazishi Jumapili mchana, jioni nimerudi. Kwa hiyo nahitaji dozi mbili tu, ya Jumamosi jioni na ya Jumapili asubuhi. Nikazifunga kwenye karatasi ya daftari, nikatia mfuko wa shati. Boksi zima nikaliacha kabatini. Dada akaniuliza, "Mbona unabeba kama karanga?" Nikamjibu Karonga ni hapo tu, mtu anaenda kunywa chai na kurudi.

Jumapili saa sita, watu tumekaa mkekani, wazee wakatoka na tangazo. Mtoto wa kwanza wa marehemu yuko njiani toka Johannesburg, tunamsubiri. Mazishi Jumanne! Kwetu huko mtoto wa kaka hawezi kuaga msiba kabla ya kuzika, utasemwa mpaka na wajukuu. Na mimi mbele ya binamu zangu nilikuwa najifanya mzima kama ng'ombe, kubeba viti, kupasua kuni. Nikainuka taratibu kama naenda msalani, nikazunguka maduka matatu ya dawa. Wa kwanza alinipa Panado. Wa pili akaniomba nimwandikie jina. Wa tatu, mama mmoja mstaarabu, akasema hiyo ni dawa ya hospitali kubwa, hajawahi kuiuza.

Saa moja jioni ikapita. Kichwa kikaanza kunigonga, sijui ni woga au ni njaa. Binamu mmoja akaona nimejishika kipaji, akaniletea diklofenaki. Kama usingemwona mkono umenyooka na maji ya kumezea usingejua jinsi ilivyo vigumu kumkatalia. Dawa hizo za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, kwa mtu wa figo moja ya kupewa ni kumpigia adui mlango. Nikasema nina vidonda vya tumbo. Uongo wa msibani, Mungu anisamehe.

Usiku nikampigia daktari wangu wa kliniki. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nikiipata dawa nimeze dozi moja tu, nisijumlishe iliyopita, halafu nirudi kwenye saa zangu, na nikitoka huko nije moja kwa moja kupimwa. Ndipo nikampigia dada. Kimya kirefu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikupa figo, sikukupa mfuko wa rambo. Kesho saa nne kamili nipo darajani."

Jumatatu nikapanda gari la kuchangia. Toka Karonga mpaka Songwe haifiki saa nzima gari likiwa zima. Nikafika, natazama simu, saa nne kasoro dakika tano. Nikajipongeza kwa kuwahi! Upande wa pili namwona dada kasimama chini ya kivuli, boksi kalikumbatia ndani ya khanga, uso umekunjamana. Nikamwamkia kwa heshima zote, "Ugonile, dada." Hakujibu. Akanyoosha mkono, akanionyesha saa yake. Saa tano kasoro tano.

Washikaji, mto ule una upana wa kurusha jiwe tu, lakini Malawi wako nyuma yetu saa moja! Simu yangu iliponasa mtandao wao siku ile ya Jumamosi ilijirudisha yenyewe kimya kimya. Dada kanisubiri saa nzima ya Tanzania kwenye joto la Kyela, ambalo wanaolijua wanalijua, nami nilikuwa njiani naimba. Na kengele yangu ya dawa ya Jumamosi jioni, nikikumbuka, ililia kwetu ikiwa saa mbili. Saa moja peke yake haiui mtu. Ila unaipoteza hapa, kesho unasahau pale, keshokutwa hujui kama ulimeza au uliota.

Nikameza pale pale, mbele yake, na maji ya chupa aliyokuja nayo. Alihakikisha nimefungua mdomo kama mtoto. Kisha akanisimulia alivyogombana na kijana wa bodaboda aliyetaka kuweka boksi chini ya siti, penye moto wa injini. Dawa hii inataka pakavu na baridi ya kawaida ya ndani, si juani, si kwenye dashibodi, si kwenye buti la basi.

Hapo ndipo nikawafikiria nyie mnaokwenda Guangzhou kufuata mzigo wa Kariakoo. Kule wako mbele saa tano, Dubai saa moja, India saa mbili na nusu. Mwenye dozi za saa asivuke bila kukaa na daktari wake kupanga atahamishaje, na akiwa angani afuate saa ya nyumbani. Mzigo wa dawa ukae kwenye begi la mkononi, maana sanduku la kwenye tumbo la ndege linaweza kwenda Doha wewe ukashukia kwingine. Nusu mpe mwenzako. Boksi liwe lile lile lenye jina lako, na barua ya daktari iandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu, maana kila nchi ina majina yake ya dukani. Ongeza na siku za msiba usioujua. Na balungi uliache sokoni hata likiwa la bure, linaipandisha dawa kwenye damu bila taarifa. Chanjo ya homa ya manjano nayo ni ya virusi hai, sisi hatuchomwi, tunaomba barua ya msamaha mapema, si pale dirishani foleni ikiwa nyuma yako.

Tulimzika shangazi Jumanne. Safari hii boksi lilikuwa mfukoni, na binamu zangu nikawaambia ukweli. Yule wa diklofenaki akakaa chini, akashika kichwa chake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nikatolewa damu kabla ya kumeza, ndivyo inavyopimwa. Dawa ilikuwa imeshuka, kreatinini imepanda kidogo. Wiki nzima nikawa naripoti kliniki, ndiyo maana hamkuniona. Juzi majibu yamerudi mahali pake. Nilimpigia dada kumpa habari. Akaniuliza saa ngapi, nikamwambia saa moja na dakika mbili. Akasema, "Ya wapi?"

Tukijaliwa, wiki ijayo.