Samaki Arukaye Hana Kosa

Watu wa pwani wana methali isemayo, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi." Maana yake, mkizi huruka kwa ghadhabu akaanguka chomboni, na mvuvi akampata bila ya taabu. Methali hiyo yafaa sana kwa kuwaonya watu wakali, maana mwenye hasira hujidhuru mwenyewe. Lakini haikutungwa ili kueleza tabia za samaki, na mtu akiitumia kuwahukumu samaki wote warukao, atawaonea. Samaki haruki kwa kuwa ana moyo mbaya. Huruka kwa kutafuta chakula, au kwa hofu, au kwa sababu maji yake yamemshinda. Na samaki aliyefungiwa katika tangi la kioo akiruka nje na kufa sakafuni, kosa si lake. Ni kosa la yule aliyemfungia.

Jambo hili laonekana wazi kwa samaki mmoja mkubwa aitwaye arowana. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika mto Amazon na mito iingiayo humo, katika nchi za Brazili, Peru na nyinginezo. Mwili wake ni mrefu na mwembamba kama upanga, magamba yake makubwa yang'aa kama fedha, na kidevuni ana ndevu mbili. Akikua hufika urefu wa sentimita 90 hivi, yaani futi 3. Mdomo wake umeelekea juu, na kwa umbo hilo mtu aweza kujua kazi yake: huyu ni samaki aangaliaye juu.

Kila mwaka mto Amazon hufurika, na maji hupanda mpaka yakaingia msituni, na mahali pengine kimo chake hufika mita 10 au zaidi. Ndipo arowana huogelea katikati ya miti. Hutulia chini ya tawi, na akimwona mdudu au buibui juu yake, hujikunja, akajifyatua kama mshale, akatoka nje ya maji kupita urefu wa mwili wake, akamnyakua. Wako watu wamwitao tumbili wa majini kwa sababu ya kuruka huko. Akimkosa yule mdudu, haidhuru. Chini yake yako maji mengi, nayo yatampokea. Kuruka ndiyo njia ya riziki aliyopewa na Muumba wake.

Dume wa samaki huyu ana sifa nyingine. Jike akisha kutaga, dume huyatia mayai kinywani mwake, akayatunza humo mpaka watoto wameanguliwa na kuweza kujitafutia chakula. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wajua mambo kama hayo kwa perege, ila kwa perege mlezi ni mama. Walakini ulezi huo umemletea arowana hatari. Katika nchi za kwao wako wavuvi wawakamatao madume, na mara nyingi huwaua, ili wawatoe watoto vinywani na kuwauza katika nchi za mbali. Basi yule samaki mdogo auzwaye dukani, mrefu kama kidole, huenda uhai wake umegharimu uhai wa baba yake. Mtu amnunuaye hakununua pambo la nyumba. Amepokea amana.

Desturi ya kufuga samaki ndani ya kioo ilienea Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, watu wote wapate kuwatazama. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyechunguza viumbe vya bahari, alitoa kitabu juu ya jambo hilo, na watu wengi wakatamani kuwa na tangi la samaki nyumbani. Katika tangi dogo la nyumbani samaki wadogo waweza kutunzwa vema. Shida huwa kubwa mtu atamanipo samaki mkubwa, maana arowana aliye mrefu kama kidole siku ya kununuliwa aweza kupita sentimita 30 kabla mwaka haujaisha.

Yafaa kuziangalia sababu zimfanyazo samaki huyo aruke tangini. Samaki hana kope za kufumba macho. Chumba kikiwa na giza na taa ikawashwa ghafula, hana namna ya kuukimbia mwanga. Hana masikio ya nje, lakini ubavuni mwake una mstari wa vitundu vidogo, na kwa huo hupata habari za kila mtikisiko wa maji. Mtoto akigonga kioo kwa kidole, yeye husikia mlio mdogo tu, lakini samaki aliye ndani hushtuka. Mlango ukibamizwa, au kivuli cha mtu kikipita juu ya maji, hudhani adui amekuja.

Kisha yako maji yenyewe. Samaki hutoa taka kwa matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, na taka nyingine hutoka katika kinyesi na katika mabaki ya chakula. Taka hiyo huleta amonia, nayo ni sumu isiyoonekana kwa macho. Mtoni hutawanywa na mkondo. Tangini haina pa kwenda. Maji yaweza kung'aa kama kioo, na huku yaunguza matamvua ya samaki. Tena huenda amewekwa pamoja na mwenzake mkali amfukuzaye mchana na usiku, wala hakuna mahali pa kujificha. Au ni mgeni aliyeletwa jana, ambaye hajajua bado mipaka ya makao yake mapya.

Samaki akiogopa, mwili wake hujitayarisha kukimbia. Hofu ikipita upesi, hakuna madhara makubwa. Lakini ikidumu siku kwa siku, nguvu zake za kushindana na maradhi hupungua, naye aghalabu hukataa chakula. Huo ndio ugonjwa wa fadhaa, na wengi hawautambui kwa sababu samaki hana sauti ya kulia.

Tena samaki aliyeshtuka hukimbia, na kila akimbiliako kuna kioo. Hugonga, pua ikachubuka, taya ikaumia, magamba yakabanduka. Ule utelezi wa mwili wake, ulio kama nguo ya kumkinga na maradhi, huondoka, na ukungu huweza kuota katika kidonda. Akirukia juu, atapiga kichwa katika kifuniko, au atapita katika upenyo na kuanguka sakafuni. Huko matamvua yake hushikamana, asiweze kupumua vema, hata akafa. Samaki ambaye angaliweza kuishi zaidi ya miaka 10 hukutwa asubuhi amekauka, na mwenyewe husema, "Samaki huyu alikuwa mtukutu."

Wako wasemao kwamba dawa ni moja tu: kulifunika tangi na kuweka kitu kizito juu yake. Neno hilo ni nusu ya kweli. Kifuniko ni lazima. Kiwe kizito, au kifungwe kwa vibanio, na matundu ya kupitishia mipira yazibwe kwa wavu, ili hewa ipite lakini samaki asipite. Wahenga wamesema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kwa mfugaji wa samaki methali hiyo ni kali zaidi, maana akiuacha ufa, hatapata hata nafasi ya kujenga ukuta. Samaki amekwisha kufa.

Lakini kifuniko peke yake hakitoshi. Nyumba ikiwaka moto, na mtu akaufunga mlango ili walio ndani wasitoke, je, amewaokoa? Amewazuia wasionekane tu. Kadhalika kifuniko humzuia samaki asianguke, lakini hakiondoi hofu wala hakisafishi maji. Samaki aliyefunikwa katika maji mabaya ataendelea kuruka na kujivunja kichwa. Kazi ya kwanza ni kuondoa sababu. Kifuniko ni cha kumlinda kwa ile siku moja ambayo mwenye kumtunza hakuitazamia.

Wengine hujibu kwamba arowana ameumbwa kuruka, na kwamba kushindana na maumbile ni kazi bure. Ni kweli kwamba tabia yake haiondoki. Hata arowana aliye salama kabisa aweza kumrukia mdudu apitaye juu ya maji. Lakini kuruka kwa njaa na kuruka kwa hofu si jambo moja. Hakuna awezaye kumfundisha samaki asiwe samaki, bali kila mfugaji aweza kuacha kugonga kioo.

Basi mtu apendaye kumfuga na aanze kwa nafasi. Upana wa tangi usipungue urefu wa samaki aliyekomaa, ili aweze kugeuka bila ya kukunja mgongo, na marefu yake yazidi hapo mara nyingi. Asiye na mahali pa tangi kama hilo, wala fedha za kulitunza, asimnunue samaki huyo akingali mdogo kwa kujidanganya kwamba baadaye atapata njia. Samaki hatangoja baadaye. Atakua.

Pili, maji. Tangi jipya liachwe majuma kadhaa na kichujio chake kikifanya kazi, huku likitayarishwa kwa utaratibu, ili vijidudu vyenye faida viote humo, maana hivyo ndivyo viigeuzavyo amonia kuwa kitu kisicho na sumu kali. Kila juma sehemu ya maji ibadilishwe, wala si yote kwa mara moja. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaondolewe klorini kwanza, na joto lake lilingane na la maji yaliyomo.

Tatu, utulivu. Tangi lisiwekwe karibu na mlango wala njiani mwa watu. Asubuhi taa ya chumba iwashwe kwanza, kisha baada ya muda taa ya tangi, na usiku ya tangi itangulie kuzimwa. Majani yaeleayo juu ya maji humpa samaki kivuli, naye hujiona salama chini yake. Chakula kitiwe majini; asifundishwe kurukia mkono wa mtu ili wageni wacheke, kwa maana leo atarukia mkono, na kesho atarukia mahali ambapo mkono haupo.

Nne, kumshika. Samaki mkubwa asishikwe kwa mikono mikavu. Akihamishwa, aongozwe polepole kuingia katika mfuko mkubwa wenye maji, na mfuko ufunikwe kwa nguo nzito, maana giza hutuliza. Na ikiwa ameanguka, mtu asikimbilie kulia wala kulaumu. Na aloweshe mikono yake au kitambaa laini, amwinue kwa upole, amrudishe majini upesi, azime taa, amwache apumzike. Siku zifuatazo maji yawe safi sana, na vidonda vitazamwe.

Huenda msomaji akasema, "Mambo haya ni ya watu wenye matangi ya vioo, yanihusu nini?" Lakini wako wengi Afrika ya Mashariki wafugao perege katika mabwawa. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza, mara nyingine perege huonekana wamekuja juu wote wakitweta. Mtoto asiyejua hudhani wacheza, akawatupia mawe. Aliyefundishwa hujua kwamba pumzi imepungua katika maji, akaenda mbio kumwambia mwenye bwawa afungulie maji mapya. Samaki wale wamesema kwa namna wawezayo. Yuko aliyewaelewa na yuko asiyewaelewa.

Mungu aliwaumba samaki siku ya tano, na mwanadamu akapewa mamlaka juu yao. Mamlaka si ruhusa ya kuonea. Arowana aliye mtoni ana mkondo wa kumwondolea taka, ana msitu wa kumpa kivuli, na ana maji mengi ya kumpokea aangukapo. Mtu akimwondoa huko na kumfungia, amemnyang'anya vyote vitatu, na ni juu yake kumrudishia vyote vitatu kwa mikono yake, kila siku, muda wote atakaokuwa naye. Asiyeweza kazi hiyo na amwache mtoni.